Alama ya Chungu Kwenye Daftari la Dresa

Umewahi kuona vyungu vyenye masizi, vilivyopikiwa mwaka mzima, vikirudishwa kwa mfinyanzi wake bila neno?

Mimi nimeona. Ikombe, mwaka 1954, asubuhi. Vilipangwa mchangani mbele ya nyumba yake, kumi na vinne. Kimoja bado kilikuwa na ukoko wa wali.

Mwenyewe alitoka, akavitazama, akaanza kuviingiza ndani kimoja kimoja kama mtu anayeanua nguo.

Nilikuwa nimesimama kwenye mitumbwi. Sikumsaidia. Mimi ndiye niliyevirudisha, ingawa sikukigusa hata kimoja.

Naitwa Anyes. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na tano, nimemaliza darasa la nne shule ya misheni, najiona msomi.

Akaja dresa wa Serikali, Bwana Ambilikile, mtu wa milimani huko Tukuyu. Kaptula yake ya kaki ilinyooshwa kwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Alikuwa akipima ukoma vijiji vya ufukweni. Akanichukua nimwandikie na kumtafsiria.

"Sikiliza, binti," akaniambia. "Daftarini hatuandiki majina. Kila nyumba ina namba. Nyumba yenye mgonjwa unaiwekea msalaba mwekundu, basi. Majina ninayo mimi, ndani ya sanduku, na ufunguo uko shingoni kwangu."

"Ndaga, Bwana," nikaitikia. Ndiyo shukrani yetu.

Kila nyumba akaipa karatasi yenye namba. Siku ya pili hazipo. Moja imeliwa na mbuzi, nyingine imesokotewa tumbaku.

"Mama, namba yako?"

"Nimeisahau, mwanangu. Ilikuwa na tumbo."

"Na wewe?"

"Yangu ilikuwa kama ndoano."

Dresa akashika kichwa. Hapo ndipo nilipopata akili yangu.

Ikombe kila mfinyanzi alikuwa na alama yake. Aliichora chini ya ukingo wa chungu, kwa ncha ya unyasi, udongo ukiwa bado mbichi. Hiyo hakuna aliyeisahau. Basi nikaacha namba, nikachora alama. Nyumba moja, mstari mmoja, alama moja.

Dresa, ambaye maishani hakuwahi kununua chungu, alilitazama daftari akacheka. "Una akili wewe. Hata mimi hapa sijui nani ni nani."

Nikavimba kichwa, jamani.

Tukafika kwa mama mmoja. Nitamwita mama Sekela, silo jina lake, na alama yake siwaelezi mpaka naingia kaburini. Dresa alipima kwa unyoya wa kuku. Unafumba macho, ukiguswa unasema. Katika nyumba ile unyoya ulipita juu ya doa moja mgongoni, na mwenye mgongo akakaa kimya. Hakusikia kitu.

Ndani tulikuwa wanne tu: dresa, mama Sekela, binti yake Sekela, na mimi.

"Vidonge vipo," dresa akasema. "Mtu anapona."

Nikaweka msalaba mwekundu. Ulikuwa huo mmoja daftari zima.

Jumamosi tukapanda mtumbwi kwenda gulioni Matema. Wimbi likatupiga, daftari likalowa. Nilipofika nikalianika juani juu ya mkeka, nikaweka vijiwe kila pembe ili upepo usilifunge. Sikuwa na wasiwasi. Majina si hayakuwemo?

Akapita mama Felista, mchuuzi wa vyungu aliyekuwa akivuka navyo mpaka Karonga kwa shemeji zake. Hakujua kusoma hata herufi moja.

"Ugonile, mwandishi," akaniamkia. "Umeanika nini, dagaa?"

"Daftari la dresa, mama."

"La dresa? Mbona lina vyungu?"

"Hata ulitazame mpaka jioni hutajua kitu," nikamjibu kwa maringo. "Hamna jina hata moja."

Akainama. Kidole chake kikateremka mstari kwa mstari, kikasimama kwenye wekundu.

"Binti," akasema polepole, "mimi nanunua vyungu mwaka wa ishirini huu."

Nikalifunga daftari lingali limelowa. Kulifunga kungesaidia nini sasa?

Kabla ya Jumamosi nyingine vile vyungu kumi na vinne vilikwisha kurudi, vingine kutoka Ipinda. Na gulio lilipofika, wanawake wakamzunguka mama Sekela. Felista ndiye aliyesema, wala hakusema kwa ubaya.

"Dada, hatukutukani. Lakini humo tunapika, watoto wanakula. Tuambie tu, nyumbani kwako ni nani?"

Mama Sekela alikuwa ameshika chungu. Akakiweka chini taratibu.

"Ni mimi," akasema.

Haikuwa yeye.

Doa lilikuwa mgongoni mwa Sekela. Na Sekela alikuwa ameposwa Makwale, mpunga ukishavunwa tu anaolewa.

Nilikuwa pale, hatua tatu kutoka kwake. Kinywa nilikuwa nacho. Lakini nikisema si yeye, swali la pili ni lipi? Basi ni nani? Katika nyumba ile walikuwa wawili tu.

Nikawapa mgongo, nikaondoka.

Nilimkimbilia dresa, nikamweleza yote. Akakaa juu ya sanduku lake.

"Umemchafua mmoja," akasema. "Ukimsafisha huyo, unamchafua wa pili. Na mimi nilikusifu."

Akalichoma daftari siku ileile. Lakini vichwa vya watu huwezi kuvichoma.

Makwale wakaleta ujumbe: binti tunamchukua, mama yake asikanyage kwetu. Sekela akaolewa bila mama. Siku ya harusi nilipita kwa mama yake, nikamwona anakanda udongo. Alikanda mpaka jua likaenda upande, na hakufinyanga kitu.

Huku kwetu chungu kilibadilishwa kwa mchele unaokijaza. Vyake havikujazwa tena na mtu. Akala mihogo yake na samaki wa kaka yake.

Vidonge vilikuja kila mwezi kwa jina la mama. Kila mwezi Sekela akaja kumwamkia mama, mlango ukafungwa, vidonge vikamezwa na mwenye ugonjwa. Watu wakamsifu: mtoto yule ana moyo, hamwogopi mama yake. Sifa hizo nilizisikia kisimani, nikatwika mtungi wangu nikaondoka.

Sekela alipona kabisa. Akazaa, akazeeka, mwaka juzi tukamzika. Yeye ndiye aliyenipa ruhusa: "Nikishaondoka, waambie. Mimi nilishindwa."

Funzo langu naliweka hapa, kwa sababu maneno ya mwisho si yangu. Ninyi mnaopita nyumba kwa nyumba siku hizi na simu zenu, mkiuliza nani anaumwa nini, msiseme mmeficha kwa kuwa jina halipo. Jiulizeni kwanza kama jirani wa mgonjwa naye hawezi kumtambua. Mimi nilificha machoni pa dresa, mgeni. Kwa waliomjua nilimwanika juani, na vijiwe nikaweka.

Mwaka 1961, Uhuru ukiwa bado haujafika, nilikwenda kwa mama Sekela. Nilikuwa mke wa mtu, na mtoto mgongoni. Nikapiga magoti.

"Mama, mimi ndiye niliyechora ile alama."

"Najua."

"Toka lini?"

"Toka vyungu viliporudi. Kalamu alishika nani mwingine?"

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja wangekuuliza. Ulikuwa mtoto, ungejibu."

Nikalia. Hakunibembeleza, wala hakusema amenisamehe. Alinawa udongo mikononi, kidole kwa kidole, akajifuta kwenye kanga.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga.

"Sogea. Miaka saba natafuta mtu wa kumwambia neno moja. Sekela siwezi, ataumia. Kaka yangu siwezi, atauliza. Wewe unalijua tayari, kwako halitavunja kitu."

Akanishika mkono. Kwa miaka saba hakuna aliyemshika mkono mama yule.

"Mimi siumwi, Anyes," akasema. "Sijaumwa hata siku moja."