Nilifungwa Nyasi Mbele ya Kamera, Sasa Naambiwa Nina Mume

Mhariri, naomba ulifiche jina langu, na hawa ninaowataja nimewabadilishia majina. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, fundi wa cherehani upande wa Sigowet. Sijawahi kuolewa. Nasema hivyo mapema kwa sababu hapa kwetu sasa kuna watu wazima, wenye akili zao, wanaosema nina bwana.

Nina mchumba, Joel, anayefanya kazi ya maziwa huko Sotik. Mahari imeshasemwa na gauni nimeshona mwenyewe. Harusi ya kanisa ni Desemba, kama itakuwepo.

Shida ililetwa na kaka yangu Wesley. Ni mwalimu wa shule ya msingi, lakini moyo wake uko kwa mambo ya filamu. Likizo ya Agosti aliazima kamera ya video kwa mpiga picha wa harusi mjini Kericho, akasema tutatengeneza filamu fupi yetu wenyewe, yenye majani chai yetu na ng'ombe wetu. Hakuwa na kitu. Maikrofoni aliivalisha soksi na kuifunga kwa mpini wa fagio. Mimi nikafanywa bibi harusi kwa sababu niko karibu na sidai malipo. Bwana harusi akawa Kibet, jirani yetu, dereva wa trekta la majani chai, mtu ambaye hata salamu anaitoa akiangalia chini.

Kwetu Wakipsigis, hata sisi watu wa kanisa, bwana na bibi harusi hufungwa mkononi nyasi inayoitwa segutiet, na ukishafungwa hakuna kufunguliwa. Wesley hakutaka mzee wa kubahatisha. Alimwendea yule anayefunga watu eneo letu lote, akamwomba aigize tu. Mzee akamwangalia sana.

"Mimi kuigiza sijui, kijana. Nikifunga, nimefunga."

Tulicheka sote. Siku yenyewe mawingu yalikuwa yamejaa, na huku kwetu mvua ya mchana haikungoji, kwa hivyo tulijua tutapiga mara moja tu. Mzee akatuuliza mmoja mmoja kama tumekubali. Nikasema ndiyo. Kibet akasema ndiyo. Akatufunga, akatuombea hadi watu wakanyamaza kabisa. Wesley akaita, "Kata!" Watu wakapiga makofi, kisha mvua ikatukimbiza ndani.

Filamu ilipendwa. Wesley aliizungusha kwa mahoteli yenye televisheni mpaka Sotik, na huko ndiko shangazi yake Joel aliketi na chai yake akanitazama nikiolewa.

Niliitwa kwao. Babake Joel ni mzee wa kanisa, lakini siku hiyo hata kiti hakunikaribisha.

"Huyo mzee namjua," akasema. "Ndiye alinifunga mimi na mama yake Joel."

"Lakini Baba, ilikuwa filamu tu."

"Segutiet ilikuwa ya filamu? Maombi yalikuwa ya filamu?"

Joel akajaribu. "Si hata pasta amesema hiyo haina shida?"

"Watoto wako wakipatwa na kitu kwa sababu mama yao alifungwa na mwingine, ni pasta atawazika?"

Joel akanyamaza. Kile kimya chake kiliniuma kuliko maneno ya babake, na mpaka leo sijakimeza.

Mimi na Kibet tulimrudia yule mzee aliyetufunga, atufungue. Akasema alituambia mapema. Baada ya kuvutana sana, wazee wa pande zote wakapata njia moja. Mwanzo wa Desemba, mimi na Kibet tusimame mbele yao tuape kwamba siku ile mioyo yetu haikuwemo, ulikuwa mchezo. Tukiapa, naolewa na Joel. Mmoja wetu akikataa, basi tena. Na kiapo cha wazee si mzaha, kwa maana tunaamini kiapo cha uongo hufuata hata watoto.

Mimi nikaona hilo ni jambo la dakika mbili. Nikamfuata Kibet kwenye kituo cha kupima majani. Alivua kofia, akaanza kuikunjakunja.

"Naweza kufanya kitu yoyote unataka," akasema. "Hata nihame, niende Kedowa kwa mjomba. Lakini kuapa, hapana. Mimi siku hiyo sikuwa naigiza."

Nilimtukana, wasomaji. Nilimtukana mpaka akina mama wakaacha foleni ya mizani wakaja kutazama. Akavaa kofia yake, akarudi kwenye trekta.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Nikamwambia Wesley aniwekee kanda ile ya kwanza kabisa, kabla haijakatwakatwa, nione mahali Kibet anaonekana akiigiza, nimwaibishe nayo mbele ya wazee. Wesley akasita. Akasema hiyo haina maana. Nikamwambia aweke.

Basi tukatazama. "Kata!" inasikika, makofi yanasikika, mzee anaondoka. Lakini Wesley, kwa haraka ya mvua, alisahau kuzima kamera, ikaendelea kupiga. Kibet amelegeza vidole vyake, ameviachilia wazi kabisa, anangoja kuachwa. Mkono unaoshika mwingine ni wangu. Watu wanapita wakibeba viti, mimi bado nimeushika, hadi matone yanaanza kuanguka.

Sikumbuki kufanya hivyo. Naapa sikumbuki. Wesley alizima televisheni, akatoka kwenda kukamua ng'ombe bila kunitazama.

Joel ni mtu mwema na hajanikosea, isipokuwa kile kimya. Kila siku ananiuliza kama Kibet atakubali kuapa. Babake anauliza hivyo hivyo, na mama yangu pia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mimi nitaweza.

Desemba inakuja, ndugu zangu. Nishaurini. Nikisimama mbele ya wale wazee, niseme nini?