Vipande Nilivyovifumua

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Cheyo, Tabora, na mdomo wangu hauna breki. Mteja akinenepa namwambia amenenepa, sisingizii mkanda wa kupimia. Akiniletea kitambaa kibovu namwambia ameuziwa tambara. Wananuna, wanaondoka, halafu wanarudi kwa sababu nguo zangu zinakaa mwilini. Nayasema haya mapema ili nikifika kwenye ile miezi ambayo mdomo huo ulifunga, usije ukadhani nilizaliwa mpole. Upole niliufanya mara moja tu maishani, na nimeujutia.

Tulikuwa wanawake watano. Kila Alhamisi saa tisa alasiri wenzangu walikuja barazani kwangu na mifuko yao ya nyuzi, tukafuma vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunika televisheni. Aliyetufundisha wote alikuwa rafiki yangu wa mtaa wa pili, mjane, mzaliwa wa Igalula, aliyesomesha watoto watatu kwa sindano ya kroshia. Nilipohamia Tabora sikujua hata kuishika hiyo sindano. Nilifuma kipande changu cha kwanza nikampelekea huku nikijisifu. Akakigeuza, akahesabu vitanzi vya pembeni kwa ukucha, akanirudishia mkononi.

"Fumua, rudia," akasema.

Nililia kwa hasira, na nikarudia mara sita. Hiyo ndiyo ikawa sheria ya baraza letu. Kipande kibovu kinarudi kwa mwenyewe mbele ya wote, na maneno ni hayo mawili tu, hakuna kubembelezana. Miaka ilipopita yeye akachoka kukagua, akanikabidhi mimi kazi hiyo. Alisema mimi ndiye nisiyemwonea mtu haya.

Mwaka juzi binti yake wa mwisho akachumbiwa. Tukakubaliana kumfumia kitandiko kikubwa cha kitanda, azawadiwe siku ya sendofu, tutakapomuaga. Rangi mbili: maziwa, na ua la damu ya mzee katikati ya kila kipande. Kila mmoja alete vipande viwili kwa wiki, kila kipande vitanzi ishirini na vinne upana, mistari ishirini na minne urefu. Mimi nakagua, mimi naunganisha. Tulianza Julai, baridi ya asubuhi ikiwa bado inauma.

Alhamisi ya kwanza nilishika kipande chake nikahisi kinakwenda upande. Nikahesabu. Chini ishirini na vinne, juu ishirini na kimoja. Nikahesabu tena, maana mkono ule haukuwa wa kukosea. Alikuwa ameviruka vitanzi vya mwisho upande wa kulia, mstari hadi mstari.

Nilicheka moyoni, nikafungua mdomo nimrudishie. Nikamwona amekaa, mikono mapajani, hafumi. Amenielekezea uso wote kama mtu anayesikiliza redio ikitangaza matokeo.

"Vyangu vimekaaje?" akauliza.

Kha! Huyu ndiye aliyenifundisha. Kitandiko ni cha mwanawe. Na pembeni alikuwapo mwenzetu muuza asali, mtani asiyejua pa kukomea, angeimba habari hiyo mpaka sokoni. Nikasema, "Vimekaa vizuri, mwenzangu."

"Haya," akasema. Akashusha pumzi, akaichukua sindano yake.

Kesho yake asubuhi, kabla wateja hawajafika, nilikifumua kile kipande pamoja na mwenzake, nikavifuma upya kwa uzi ule ule. Uzi uliokwisha kufumwa una mikunjo yake, haulali vizuri. Nikaupiga pasi. Nikajisemea ni mara moja tu, amechoka na mambo ya harusi.

Haikuwa mara moja. Alhamisi iliyofuata vipande vyote viwili vilikuwa hivyo hivyo. Iliyofuata, kimoja kilikuwa na tundu ningeweza kupitisha kidole gumba. Na kila Alhamisi swali lilikuwa lile lile, uso umenielekea, mikono imetulia: "Vyangu vimekaaje?" Nami kila Alhamisi nilijibu, "Vizuri." Nilidhani anataka sifa. Nikasema moyoni, uzee huu, hata yeye anataka kusifiwa kama mwari!

Agosti vumbi lilianza. Siku moja nilimwekea kikombe cha chai kulia kwake, mahali nilipokiweka miaka yote. Akanyoosha mkono kuchukua mkasi, akakipiga kikombe, chai ikamwagikia miguu ya muuza asali.

"Jamani! Umeonja nini leo, mama harusi?" muuza asali akafoka huku anacheka.

Tukacheka wote. Yeye akacheka kuliko sisi, akacheka mno. Mimi nikaenda jikoni kuleta kitambaa cha kufutia. Tangu siku hiyo nikawa namwekea kikombe kushoto. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mikono yangu ilikwisha kujua, kichwa ndicho kilichokuwa kinajitia hamnazo.

Nilianza kumwangalia. Akiingia barazani alikuwa anagonga bega kwenye mlango, bega lile lile la kulia. Akivuka barabara alisimama muda mrefu, anageuza kichwa chote huku na huku, ndipo anavuka. Mara moja bodaboda ilimpita karibu sana mpaka kanga yake ikapepea. Dereva akatukana. Yeye akabaki katikati ya barabara, akimtafuta huyo aliyemtukana upande ambao hakuwapo.

Nilikimbia nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Hawa vijana watatuua," akasema.

"Watatuua kweli," nikajibu. Na hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikamvusha barabara, nikazungumzia bei ya mchele.

Septemba alinipa kipande ambacho ua lake nusu lilikuwa damu ya mzee na nusu lilikuwa jeusi.  Nikakitia chini ya mkeka haraka kabla wengine hawajakiona, kama mwizi. Vingine nilivifumua vyote, lakini kile sikuweza. Nilikificha kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, na kipande cha badala yake nikakifuma mwenyewe kwa uzi mpya.

Wiki hiyo nilipiga moyo konde nikaenda kwake asubuhi. "Mwangaluka," nikamwamkia kutoka mlangoni. Akaniitikia kutoka uani. Nilimkuta anataka kuipua birika. Mkono wake ulikuwa unapapasa hewani, polepole, vidole vimetanuka, unatafuta mpini uliokuwa pale pale mbele yake, kidogo tu kuelekea kulia. Moto ulikuwa unawaka. Nilisimama mlangoni nikautazama ule mkono unavyosogea juu ya jiko, na haki ya Mungu niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa msibani. Ukaupata mpini.

"Karibu chai," akasema akigeuka. "Kuna nini asubuhi yote hii?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikamtazama, amejifunga kanga mpya, anatabasamu, ana harusi mbele yake. Nikasema nimekuja kuuliza kama uzi wa maziwa utatosha.

"Utatosha," akasema. "Vipande vyangu vya juzi, vimekaaje?"

"Vizuri, mwenzangu."

Akanitazama kwa muda. Nilidhani ananitazama. Sasa najua alikuwa ananitafuta.

Oktoba, joto la kuchemsha ubongo, nilikuwa sikagui tena vipande vyake. Navipokea, navisifu, kesho yake navifumua. Baadhi vilikuwa matambara matupu. Nilifuma vyake na vyangu, shingo ikaniuma, nguo za wateja zikalala. Novemba mvua ya kwanza iliponyesha, kitandiko kilikamilika. Nilikitandika kwenye kitanda changu, nikamwita yeye kwanza kabla ya wengine.

Alipiga magoti. Alikipapasa chote, pembe hadi pembe, kipande kwa kipande, vidole vinahesabu ukingoni na midomo inacheza. Ishirini na vinne. Ishirini na vinne. Alipofika mwisho akaweka paji la uso juu yake, akalia.

"Kumbe bado," akasema. "Kumbe bado nipo mzima."

Nami nililia naye. Sikuuliza alikuwa na maana gani, maana sikutaka kujua.

Sendofu ilifana. Mshehereshaji akamwita mama mzazi jukwaani akabidhi zawadi. Akapanda vizuri, binti akimshika mkono. Bibi wa upande wa bwana harusi, mama mtu mzima, akasimama kulia kwake akamnyooshea mkono wa salamu. Rafiki yangu akapita. Alimpita yule bibi kama hayupo, uso mbele, anatabasamu. Mkono wa bibi ukabaki hewani. Ukumbi ukanong'ona. Niliinuka kitini, nikataka kupiga kelele, na kabla sauti haijatoka yeye alikwisha kukanyaga pembeni ya jukwaa, mahali pasipo na kitu. Alianguka na kitandiko kifuani.

Tulimkimbiza hospitalini kwa ajili ya mkono uliovunjika. Aliyemfunga plasta ndiye aliyegundua, kwa sababu alimpa karatasi ya dawa kutoka upande wa kulia na mgonjwa hakuigusa. Akampeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, akatuambia yule daktari, ugonjwa usiouma, unaokula pembeni kwanza. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichokwisha kuliwa hakirudi, ila matone ya kila siku yanaweza kukilinda kilichobaki, Mungu akipenda.

"Angekuja miezi mitano sita nyuma tungekuwa na kikubwa zaidi cha kulinda," akasema. "Hakuna aliyeona dalili?"

Binti, bado ana hina mikononi, akatoa simu. "Daktari, mama yangu alikuwa haoni vipi? Tazama kazi yake. Hii alifuma mwezi uliopita." Akampitishia picha za kitandiko, moja baada ya nyingine, vipande vilivyonyooka kama rula. Daktari akazitazama, akatingisha kichwa, akasema ni ajabu. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na mkoba wa mgonjwa. Mdomo wangu, mdomo huu wa Cheyo nzima, haukutoa hata kikohozi.

Nilikwenda kwake Januari, plasta ilipotolewa. Alikuwa barazani peke yake. Akaijua hatua yangu kabla sijabisha hodi. Tuliongea habari za binti, za mvua, za yale matone yanavyochoma. Halafu akaniambia bila mimi kumwuliza.

"Mimi nilijua tangu masika. Mama yangu kule Igalula alimaliza maisha akiongozwa kwa fimbo. Nilipoanza kujigonga milangoni nikajua ni ugonjwa wake ule ule. Nikaogopa hospitali, shoga yangu, nikaogopa kuambiwa. Nikafanya mapatano na nafsi yangu. Nikasema, yupo mmoja asiyemwonea mtu haya. Siku akinirudishia kipande, kesho yake nakwenda kupima."

Nikaukumbatia mkoba niliokuja nao.

"Vidole vilikuwa vinaniambia," akaendelea. "Lakini kila Alhamisi wewe unasema vizuri. Nikasema basi, uoga wangu tu. Na siku ile nilipokipapasa kitandiko nikakuta vyote sawa, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Ulinisikia."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimepata uzoefu mkubwa wa kunyamaza. Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu pasi, uzi mpya, kikombe nilichokihamishia kushoto. Nikamwambia nilimwona pale jikoni, mkono juu ya moto. Nililia mpaka kamasi. Yeye hakulia.

"Vingapi?" akauliza.

"Vyote. Tangu Julai."

"Hakuna hata kimoja changu mle?"

"Hakuna."

 Jogoo wa jirani akapita uani; rafiki yangu akamgeuzia kichwa chote, akamfuata kwa jicho mpaka akampata. Kisha akauliza kama kuna nilichokibakiza. Nilikuwa nimekuja nacho kwenye mkoba. Nikamwekea kiganjani kile cha ua la rangi mbili. Akakigeuza. Akapitisha ukucha pembeni, kama siku ile ya kwanza nilipompelekea changu, midomo ikicheza. Chini, ishirini na vinne. Juu, kumi na saba. Akarudia kuhesabu kule juu mara tatu, na kila mara aliishia pale pale.

Akakikunja vizuri, akautafuta mkono wangu, akanirudishia.

"Fumua," akasema. "Rudia."