Muosha Ng'ombe na Damu ya Doris

Theodory, shemeji yangu, alisimamia josho la serikali miaka kumi na minne. Ng'ombe anatumbukia, kupe wanadondoka, kazi imekwisha. Biashara huria ilipoingia josho likakauka, naye akavaa koti jeupe akafungua duka la dawa Gendabi. Watu wakamwita daktari. Ati daktari! Kichwani mwake kila ugonjwa ni kupe.

Mwaka 2003, mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga, bintiye Doris, miaka tisa, alikutwa na saratani ya damu. Hospitali ya rufaa walimtundikia dawa wiki tano, kipimo kikatoka safi. Wakasema arudi baada ya siku kumi, matibabu ni ya miaka. Baba mtu akachinja kondoo.

"Shemeji, damu imeoshwa," akaniambia kwa simu. "Wanataka nini tena?"

Mimi ni mtu wa maabara, kule Mbulu. Nilipanda basi hadi dukani kwake kwa hasira na hofu, maana mtoto angekufa kwa kiburi cha muosha ng'ombe. Nikamweleza: chembe nyeupe za damu hazizururi ovyo. Zina vipokezi kwenye ngozi zake, na mifupa inatoa kemikali ya kuziita. Chembe nzima hurudi nyumbani kwa njia hiyo. Za saratani nazo zina vipokezi hivyohivyo. Zinaufuata uboho ndani ya mifupa, zinajificha humo, na dawa inazipata kwa shida. Nikamwambia na ujinga wake, mbele ya wateja. Akanipa mgongo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Gidamis, mfugaji, alikuwa pale akisubiri dawa ya minyoo ya ndama.

"Mama, hivyo vitu vya mtoto vinanusa?" akaniuliza.

"Ni kama kunusa, ndiyo."

Akacheka. "Daktari, ng'ombe wangu wasipoonekana malishoni, nasema wamekufa? Nakwenda kwenye magadi. Wamenusa, wamekwenda. Nawakuta wote wanalamba."

Theodory akageuka. Alimtazama Doris, aliyekuwa akiruka kamba mlangoni.

"Siku kumi ziliisha lini?"

"Juzi," nikamjibu.

Alivua koti, akafunga duka, akambeba mtoto hadi kituo cha basi. Gidamis alibaki hana dawa.

Sasa Doris ni mama wa watoto wawili. Theodory huwasimulia wateja kwamba habari ya magadi aliigundua yeye. Mwongo mkubwa! Namwacha aseme, kwa sababu mimi na cheti changu siku ile nilijua kutukana tu.