Masuke Niliyoyatoboa kwa Kucha

Nilipokuwa na miaka minane nilijua vitu viwili tu, kuongea na kufukuza ndege, na vyote viwili nilivifanyia kule Kivaa kwa Susu, nyanya yangu, ambako mama alituacha mimi na ndugu yangu Mumo ili yeye auze nguo sokoni Mitaboni. Mtama ukianza kukomaa hakuna kupumzika. Wale ndege wadogo wenye mdomo mwekundu wanakuja kama wingu, wakitua kidogo tu suke limebaki makapi, kwa hivyo unakaa juu ya kichanja tangu asubuhi na debe bovu na kijiti, unapiga, unapayuka, unashuka, unakimbia, unapanda tena. Siku moja nilisinzia. Susu alikuta safu tatu zimeliwa, akavunja kifito cha mti wa mukau na kunichapa miguuni, na mimi nikaapa kwamba hakuna ndege atakayetua tena kwenye mtama huo nikiwa hai.

Nakumbuka hicho kifito kwa sababu ya jambo lililotokea kesho yake.

Mumo alikuwa na miaka mitatu na hakuwa anasema kitu, hata kuita mama. Akitaka maji alinishika mkono, akanivuta mpaka kwenye mtungi, akauweka mkono wangu juu ya kikombe. Wageni wakimuuliza jina lake nilijibu mimi. Wakiuliza kama ameshiba nilijibu mimi, na wakiuliza kwa nini haongei hilo pia nilikuwa na majibu yake, mengi. Majirani walikuwa na yao: alinyolewa nywele kabla ya kusema, alionyeshwa kioo, alinyeshewa. Susu hakubishana nao. Alisema dawa iko shambani.

Dawa yenyewe ilikuwa mtama uliodonolewa na ndege. Wale ndege hawanyamazi, si unawasikia, basi mtoto asiyesema hupewa punje walizoziachia mate yao. Lakini si suke lolote. Liwe bado limesimama kwenye bua, na lichumwe na mtoto wa tumbo moja na yeye, mtoto anayeongea.

"Na hapa anayeongea ni nani?" Susu alisema huku akiniangalia. "Wewe mdomo wako haujui Jumapili. Leo uwaache ndege wale, usiguse debe. Masuke matatu, basi."

Nilienda. Nilisimama pale pembeni na kweli walikuja, wakatua mbele yangu, nikaona mabua yanainama, na miguu yangu ikaanza kuwasha mahali palepale nilipochapwa jana. Sikungoja kuambiwa. Nilipiga makofi, nikapayuka, wakaondoka wote. Wakarudi, nikawafukuza tena. Nilijua nimetumwa kuwaacha lakini mikono haikukubali. Jua likapanda na mimi sina hata suke moja lililodonolewa, na kurudi mikono mitupu niliogopa, basi nilichuma masuke matatu mazima, nikachuchumaa nyuma ya kichanja, nikayatoboa kwa ukucha wa kidole gumba. Punje moja moja. Nyingine nikazing'oa, nikazila, ushahidi ukapotea.

Susu aliyachoma kwenye makaa, akayafikicha mikononi, akapuliza makapi. Mumo aliketishwa kizingitini, uso nje. Hiyo nayo ni sheria: akishaanza kutafuna, nyumba nzima inyamaze mpaka yeye atoe sauti kwanza. Tuliketi. Mama alikuwa amekuja siku hiyo, kitambaa chake cha kichwa bado kina vumbi la safari, na hakuondoa macho kwenye mdomo wa Mumo. Yeye alitafuna, akalamba kiganja, akatutazama mmoja mmoja akitabasamu kama mtu anayefurahia wageni. Hatukusema. Kivuli cha ghala kikatufikia miguuni. Mwishowe mama aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema anaenda kutafuta gari la kurudi Mitaboni kabla halijajaa.

Mimi nilijua kwa nini dawa haikufanya kazi. Sikumwambia mtu.

Leo Mumo ni mwanamume mwenye ndevu, anaishi na Susu, anachunga mbuzi na maneno yake nayahesabu kwa vidole vya mikono miwili na vinabaki. Na mimi niko na mtoto, Kyalo, anaenda miaka mitatu, na sijui nilianza kuogopa siku gani hasa. Labda siku aliponishika mkono hapa kwangu Mumbuni, akanivuta mpaka kwa ndoo, akauweka mkono wangu juu ya kikombe. Nilikaa chini sakafuni. Alifikiri tunacheza, akanikalia mapajani.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, baiolojia nilipita, najua ukucha wa mtoto hauwezi kufunga ulimi wa mtu, wala wa mtoto ambaye hajazaliwa. Najua. Mchana najua vizuri kabisa. Lakini nikiosha vyombo na nyuma yangu kuna kimya, mtoto yuko pale anapanga vifuniko vya chupa na hakuna sauti, kile kidole gumba nakihisi.

Kliniki nimeenda. Masikio yanasikia, walisema, ila kusema kumechelewa na kujifunza pia kumechelewa, na yule dada anayefundisha watoto kuongea alinipa kazi za nyumbani. Chuchumaa, uso wako uwe sawa na wake. Shika kikombe, sema neno moja, "maji", usitoe hotuba. Halafu ngoja. Aliketi akanitazama nikijaribu na Kyalo, nikasema maji, unataka maji, sema maji basi, haya mama anakupa maji, kunywa, umeona, maji.

"Mama Kyalo," alisema, "mtoto ataingilia wapi?"

Nilicheka, kisha nikaona hatanii.

"Ukishasema neno, hesabu kumi moyoni. Polepole. Hata asiposema, umempa nafasi."

Kumi. Tangu siku hiyo najaribu na sifiki. Nikifika nne mdomo unafunguka wenyewe. Naogopa kile kimya, ndio ukweli, naona kama nikinyamaza nitasikia kwamba hakuna kitu mle ndani, basi nakijaza. Mume wangu aliniambia mbona usimwache tu, mimi mwenyewe nilichelewa kuongea. Anatoka asubuhi kwenda kazini Mavoko anarudi mtoto amelala, yeye kile kimya hakijui.

Likizo iliyopita nilimpeleka Kyalo Kivaa. Susu sasa anatembea kwa kushika ukuta lakini macho bado makali. Mumo alimpokea mtoto bila neno, akamwonyesha vile mbuzi anakamuliwa, na nilipotoka jikoni niliwakuta wameketi kizingitini bega kwa bega, mkubwa na mdogo, wametulia, na nilirudi ndani haraka kwa Susu.

Hapo ndipo nilisema. Nilisema yote kwa mkupuo, masuke, makofi, ukucha, miaka yote hiyo, Susu akichambua ndengu kwenye uteo bila kuinua kichwa.

"Nilijua," alisema nilipomaliza.

"Ulijua nini?"

"Ndege hung'oa punje akaenda nayo. Wewe nyingi ulizibonyeza zikabaki palepale, zimepasuka kama chawa. Nilifikiri, huyu mtoto ni mwongo na hata uongo hauwezi."

"Na ukampa Mumo hivyo hivyo?"

"Alikuwa ameshafungua mdomo. Ningemwambia nini, funga?" Aliokota jiwe kwenye ndengu akalitupa nje. "Mwaka uliofuata nilimpa ya ndege, nikayachuma mwenyewe. Siku hiyo ulikuwa umeenda shule. Nikampa tena na mwaka ule mwingine."

Sikuwa najua. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Kwa hivyo si mimi, Susu?"

"Sijui, mama." Aliniita mama, kama anavyoniita nikiwa mgonjwa. "Wengine husema, wengine hapana. Mimi nilifanya yangu, sikujua lingine."

Nilitaka aseme zaidi. Nilikuja mpaka Kivaa nikitaka mtu aseme ndiyo ni wewe, au aseme hapana Kyalo atasema, lolote kati ya hayo mawili, na yeye alirudia ndengu zake.

Asubuhi yake nilishuka shambani. Mtama ulikuwa umekomaa, na ndege walikuwa wengi kama zamani. Sikuwa nimeamua kitu, naomba nieleweke, sikwenda kutafuta dawa. Lakini walitua kwenye bua lililo karibu nami kabisa, na mikono yangu iliinuka kupiga makofi, na nikaishika. Moja. Mbili. Walikuwa wanadonoa na kugombana na kupiga kelele usoni pangu. Miguu iliwasha. Tano, sita. Nilifika kumi, nikaongeza, na hawakuondoka mpaka waliposhiba.

Kyalo hana ndugu wa kumchumia, basi nilichuma mimi, matatu. Susu aliyachoma bila kuuliza yametoka wapi. Kyalo aliketi kizingitini, nami nikachuchumaa mbele yake, uso sawa na uso, kama nilivyofundishwa kliniki, nikaweka punje kiganjani nikasema neno moja, "mtama", nikanyamaza.

Alitafuna. Alinitazama mdomo. Nyuma yangu nilimsikia Mumo akisimama, na Susu akiacha kupepeta, na sikugeuka wala sikusema. Kyalo alikishika kidole gumba changu, akakivuta kuelekea kwenye bakuli anataka zaidi, halafu akakiacha, akanitazama mdomo tena.

Tumerudi Mumbuni na bado hajasema. Dawa siiamini, na kliniki nayo haikuniahidi kitu. Lakini siku ile, mbele ya mtoto wangu, nilihesabu kumi, na kumi nyingine, na kile kimya hakikuwa kitupu kama nilivyoogopa. Kulikuwa na mtu mle, ananitazama, anangoja pia.