Kulwa na Doto wa Chumba cha Nyuma

Milembe alikuwa fundi mitambo wa redio moja ndogo ya Bariadi, ila kwa kazi aliyoifanya angestahili kuitwa yaya. Kutwa alihangaika na seva ya zamani iliyokaa chumba cha nyuma, akiipepea na kuwafukuza watangazaji wanaoweka vikombe vya chai juu yake.

Ndani yake mlikuwa na diski mbili zilizobeba vitu vilevile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Mkurugenzi, Mzee Mahona, alipouliza maana yake, Milembe alijibu, "Ni mapacha, Mzee. Huyu Kulwa, huyu Doto." Mzee alifurahi mno, maana naye ni baba wa mapacha. Laiti Milembe angejua yatakayofuata, angesema ni magunia mawili ya pamba.

Humo zilihifadhiwa nyimbo za akina mama wa Sapiwi wakilima, na aliyeongoza alikuwa marehemu mama yake Milembe. Nakala nyingine haikuwepo popote. Kila mwaka Milembe alisema ataitengeneza, na kila mwaka ikatokea harusi ya mtu.

Siku moja seva ikaanza kukwamakwama. Milembe akaendesha programu ya kupima afya ya diski, akajibiwa kwamba hakuna tatizo. Lakini aliyejibu hakuwa diski. Ilikuwa kadi ya RAID, ile inayosimama mbele ya diski zote na kujifanya ndiyo diski yenyewe. Ni kama mwenye mji: unafika na salamu, anajibu kwa niaba ya wote, "Mhola duhu," wazima tu, na huko nyuma ya nyumba mtu anatapika. Mficha maradhi kifo humuumbua. Milembe akaiagiza programu ipite kwa kadi hiyohiyo, kwa adabu, lakini imwite kila pacha kwa namba yake. Doto akaitika mzima. Kulwa, masikini, akamwaga yote: sehemu mbovu kibao, na zinaongezeka.

"Kulwa anaumwa," alimwambia Mzee. "Tunahitaji diski mpya."

Mzee akaenda Mwanza, akarudi na mbili.

"Nilisema moja, Mzee."

"Na Doto je?"

Nyumbani kwa Mzee Mahona, pacha mmoja akiumwa tumbo, wote wawili wananyweshwa uji. Milembe alipogeuka kuchukua bisibisi, Mzee alikwisha kumchomoa Kulwa, na mkono wa pili umeshika kishikio cha Doto.

"Usimguse Doto!"

"Mapacha hawatengwi, mwanangu. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, unaita mkosi."

"Diski mpya haijui kitu, Mzee! Inafundishwa na mwenzake. Ukiwatoa wote, hakuna wa kufundisha!"

Mzee akatikisa kichwa. Mkosi ni mkosi. Milembe akaona sauti ya mama yake ikichomolewa mbele ya macho yake, akataka kulia.

"Mzee, wanao walitoka kwa pamoja?"

"Kwa pamoja wapi? Kulwa alitangulia, Doto akafuata. Katikati hapo mama yao alinitukana ukoo mzima."

"Basi na hawa ni hivyohivyo. Doto hasogei mpaka Kulwa amalize."

Mzee akauondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. "Sasa hapo umeongea."

Wakamwingiza Kulwa mpya, kadi ikaanza kumnakilia. Mzee akavuta kiti, akakaa kama yuko nje ya wodi ya wazazi, akiuliza kila mara, "Amefika wapi?" Kulwa alipomaliza, zamu ya Doto ikafika, naye Doto mpya akafundishwa kama kaka yake.

Kisha Milembe akafungulia wimbo. Sauti ya mama yake ikapanda juu, halafu, kama kawaida, ikakatika njiani: "Milembe! Wenzako wanalima, wewe unatafuna karanga? Shika jembe!"

Mzee Mahona akashtuka, akashika ufagio.

Milembe akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake. Akaiokota diski ya Doto wa zamani, bado nzima, akaibandika jina jipya: Shija, mtoto anayewafuata mapacha.

"Ndiyo, mayu," akamjibu mama yake, akaanza kutengeneza nakala.