Uzito wa Mgeni

Kiwanja kilijitokeza chini ya bawa la kushoto: mstari wa lami katikati ya nyasi kavu, banda moja la mabati, na pikapu iliyoegeshwa kivulini. Sikuwahi kufika sehemu zile. Nilimuuliza rubani, kupitia kipaza sauti kilichokuwa kikinigusa mdomo, tumefika wapi.

"Pa kunywesha ndege tu," alijibu. "Kama si wewe na vitabu vyako, ningepapita juu kwa juu kama siku zote."

Nyuma yetu mkewe alikuwa amejilaza, mto mgongoni, mrija wa oksijeni puani. Alicheka kidogo. Vile vifaa vya masikioni vilikileta kicheko chake karibu mno, kana kwamba kimetoka ndani ya kichwa changu.

Rubani alibonyeza swichi. Magurudumu yalishuka kwa mngurumo chini ya miguu yetu, na taa tatu ndogo za kijani zikawaka. Alizigusa moja moja kwa kidole, kisha akarudia. Tukatua kwa kasi iliyonifanya nikamate kiti. Ndege za aina ile hazijui kutua taratibu. Zina injini moja yenye nguvu za kutisha na mabawa membamba, na zikipunguza mwendo kupita kiasi angani huanguka kama jiwe. Ndiyo maana hudai lami ndefu, ngumu, isiyo na shimo. Lakini zikishapanda juu, safari ambayo basi huila siku nzima, zenyewe huimaliza chai ikiwa bado ya moto kwenye chupa.

Rubani huyu, mwenye ndege, ni muuza matairi. Mjini kwao wanamwita Bwana Mashimo, na haimuudhi, kwa sababu ni kweli: barabara mbovu ndizo zilizomlisha. Kila mvua za masika zilipozibomoa, wateja walimjia wakiburuta magari yao. Alizila barabara hizo ujana wake wote, akazichukia kama mtu anavyochukia chakula cha shuleni. Alipopata uwezo hakujenga ghorofa. Alikwenda kujifunza urubani na mvi kichwani, darasa moja na vijana waliomwita babu. Mwalimu wake alimwambia, "Una haraka wewe. Ndege inawapenda wenye haraka mpaka siku inapowachoka." Alinisimulia hayo akijisifu.

Ndege aliinunua ikiwa imetumika, akaitunza kuliko wengi wanavyotunza nyumba. Haikuwahi kulala nje. Mkewe hakutaka hata kuipanda. "Yeye akipaa mimi nabaki na wateja," alikuwa akiwaambia watu. "Mmoja wetu lazima awe chini." Mwaka jana uvimbe ulipoonekana tumboni mwake, akaipanda, na hakuacha kuipanda tena. Kila baada ya wiki chache walikwenda mji wenye hospitali kubwa na kurudi, mwendo wa ndege moja kwa moja, bila kugusa ardhi katikati.

Nilikutana nao dukani kwao, nikiulizia basi la kunifikisha mji huohuo na vitabu vyangu. Mke alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya marundo ya matairi mapya, shuka begani ingawa jua lilikuwa kali.

"Basi la nini?" alisema. "Kesho sisi tunaruka. Twende."

Mumewe aliinua macho. "Kuna mzigo, bibie."

"Mzigo upi? Mimi? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na vitabu vyako ulete vyote, mgeni wangu, usimwachie mtu wa gesti hata kimoja. Watavifungia maandazi."

Kesho yake asubuhi, katika banda la ndege, nilielewa kwa nini mume alisita. Katika ndege ndogo kila kilo inahesabiwa, na mzigo ukizidi, mafuta ndiyo hupunguzwa. Alikuwa na mizani ya kusimamia, ya zahanati, yenye mshale. Nilipanda mimi, likafuata begi langu, akaguna. Kisha akamshika mkewe kiwiko akampandisha. Mshale ulisogea kidogo, ukasimama mahali ambapo ungemsimamia mtoto wa shule. Mume alitazama pembeni, midomo ikijumlisha.

"Usihuzunike, mgeni," mke akaniambia. "Nilikuwa bonge mimi. Hizo kilo nilizopoteza ndizo utakazokalia, kwa hiyo ukae vizuri."

Mume alifyonza mafuta kutoka kwenye matangi mpaka hesabu ikakubali. Ndiyo maana tulitua pale.

Injini ilipozimwa, mlinzi wa kiwanja alikuja akisukuma pipa la mafuta lenye pampu ya mkono. Kutoka kwenye pikapu alishuka mwanamume mrefu, mwenye macho yaleyale ya mgonjwa wetu. Rubani alimtambua kabla hajafika.

"Shemeji. Umefuata nini huku?"

"Nimemfuata dada."

"Dada anakwenda hospitali."

Shemeji alitazama viatu vyake. "Muulize mwenyewe."

Mke alikuwa ameshautoa mrija puani. Alizungumza kupitia mlango uliofunguliwa, bila kuinuka.

"Nimemwita mimi. Siku ileile niliyomkaribisha mgeni."

Rubani alinitazama, akalitazama begi langu nyuma ya viti, kisha lile pipa. Nilimwona akijumlisha.

"Ulijua tutatua hapa," alisema.

"Miaka yote hii unahesabu kilo na mafuta mezani kama mtu anayesali. Hata mbuzi angejifunza."

"Na barabara ya kwenu inaanzia hapa."

"Hapo nyuma ya banda."

Mume alichuchumaa kwenye bawa, karibu na uso wa mkewe. "Sikiliza. Saa moja na nusu tu, tuko hospitali. Daktari alisema kuna dawa nyingine ya kujaribu."

"Alikwambia wewe kwa sababu ulimkazia macho. Ulipotoka kutafuta teksi alinishika mkono, akaniuliza nataka kulala wapi. Nikamwambia kwa mama."

"Basi nitakupeleka kwa mama. Kwa ndege."

"Utatua wapi? Juu ya paa?"

Mume aliigeukia lami.

"Ulipita juu ya kwetu mara moja," mke aliendelea, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Mama alitoka na kitambaa akapunga. Ukazunguka, ukazunguka, ukaondoka. Aliniuliza, mkwe wangu ana chombo gani hicho, kinachofika kisifike?"

"Ile si barabara, ni makorongo. Mimi ndiye ninayeuza matairi yanayopasukia kule. Naijua. Itakuua."

"Nitakufa, mume wangu. Kwa mama au kwenye kitanda cha chuma, nitakufa. Hujawahi kunisikia nikilisema hilo. Sasa umesikia?"

Mlinzi, ambaye hakujua pa kuweka mikono, aliuliza, "Mkuu, nijaze?"

"Subiri."

"Si kwa ubaya, mkuu, ila kule mawingu yanapanda. Huku kwetu mvua ya mawe haina adabu. Ndege ya namna hii ikilala nje, asubuhi utakuta sufuria."

Upande wa magharibi kweli palikuwa pameingia weusi. Shemeji alisogea, akasema kwa upole uliokuwa na mwiba ndani: "Nenda ukailaze ndege yako, shemeji. Sisi tutatangulia. Utatufuata kesho kwa gari, au keshokutwa. Ukimkuta, utamkuta."

Nilidhani rubani atampiga. Nilitazama mikono yake, na mikono hiyo ilikuwa ikitafuta kitu mifukoni. Alitoa ufunguo wa ndege. Alifunga mlango wa mizigo, vitabu vyangu vikiwa ndani, bila kuniuliza. Kisha akaenda kwenye pikapu, akachuchumaa kando ya gurudumu la mbele, na kwa ncha ya ufunguo ule akabonyeza pini ya tairi. Upepo ulitoka ukipiga mluzi. Alibonyeza tairi kwa kiganja, akasikiliza, akatoa tena kidogo. Akahamia la pili.

"Unafanya nini?" shemeji aliuliza.

"Umeyajaza matairi kama unabeba saruji. Yakiwa magumu hivi, kila jiwe litampiga mgongoni." Alikwenda la tatu, kisha la nne. "Utaendesha kwa gia ya pili. Ukizidisha mwendo yatatoka kwenye rimu. Nikikuambia simama, unasimama."

"Sawa, shemeji."

"Godoro lipo?"

"Nimetandika mawili."

Alimtoa mkewe kwenye ndege akiwa amempakata, shuka likiburuzika, akamlaza nyuma ya pikapu, akarudi kuchukua mtungi wa oksijeni na mto. Mke alinipa mkono. Ulikuwa wa baridi na mwepesi, nikaushika kama mtu anayeshika kitu cha kuazima.

"Umenisafirisha, mgeni," alisema.

Mumewe alipanda nyuma, akaketi sakafuni, akakiweka kichwa cha mkewe pajani, akagonga bati la pikapu kwa kiganja. Hakuitazama ndege. Hakunitazama na mimi.

Walizunguka banda wakaingia barabarani. Ilikuwa mbaya kama alivyosema; tangu mwanzo gari liliinama upande mmoja, likajiinua, likainama upande wa pili. Mara mbili nilisikia sauti yake ikisema simama, na likasimama, kisha likaendelea. Walikwenda polepole kiasi kwamba mbwa wa mlinzi aliwafuata kwa kutembea, akachoka, akarudi. Nusu saa baadaye nilikuwa bado nawaona.

"Ameondoka na ufunguo?" mlinzi aliuliza.

"Ameondoka nao."

"Na kamba za kuifungia?"

"Zimo ndani."

Upepo ulikuwa umeanza kuyatikisa mabawa. Mlinzi aliitazama ndege, akayatazama mawingu, kisha akaniambia nimsaidie kutafuta mawe makubwa ya kuzuia magurudumu.