Siku Nilipofukiza Maziwa ya Mama Mukwe

Mke wangu alikwenda kujifungua kwa mama yake, upande wa barabara ya Nyankunde, kama wanavyofanya kwao kwa mtoto wa kwanza. Mtoto akazaliwa salama, wiki zikapita, kumbe mama mukwe alikuwa na sheria yake: mjukuu wake hatalala ndani ya nyumba ya moshi wa sigara. Nikiacha, nitapewa familia yangu. Nisipoacha, nitaendelea kuwatembelea kila Jumapili kama mtu anayeangalia wagonjwa.

Siku hizo nilivuta kiasi kwamba majirani zangu wa mtaa wa Ngezi, hapa Bunia, wangeweza kukausha samaki dirishani kwangu.

Washauri hawakukosekana. Mmoja aliniambia nitafune makasu, zile kola chungu za sokoni, mwingine tangawizi. Wa tatu alisema ninywe maji kila hamu ikinijia. Alisema hayo sigara ikiwa mdomoni, kisha akaniomba kiberiti. Nilitafuna makasu mpaka meno yakawa na rangi ya barabara ya Mahagi wakati wa kiangazi, na kuvuta nikavuta vilevile. Ukweli ni kwamba sikutafuta njia ya kuacha. Nilitafuta njia ya kutonuka.

Ndipo nikawaza vibuyu. Mama mukwe anafuga ng'ombe, na kwao kibuyu cha maziwa hakiishii kuoshwa kwa maji. Hufukizwa kwa moshi wa majani makavu, ili maziwa yapate harufu nzuri. Ni kazi ya wanawake. Jumapili moja nikajitolea kuifanya mimi. Diploma yangu ya masomo ya jioni iliniambia: nani atatofautisha moshi na moshi?

Mashemeji walicheka mpaka wakakaa chini. Mama mukwe hakucheka. Alinipa vibuyu vitano, akawasha majani ndani ya chungu kibovu nyuma ya jiko, akaondoka. Mkono mmoja ukashika kibuyu juu ya moshi, wa pili ukashika sigara. Nilivuta tatu, kwa amani asiyoijua hata askofu. Vipisi nikavitupa kwenye majani yaleyale, chini ya mdomo wa kibuyu, ili kuficha ushahidi. Hapo ndipo akili yangu ilipoishia.

Jioni maziwa yaliyotiwa ndani ya vibuyu hivyo yakamiminwa. Shemeji mkubwa alionja, akatema. Mama mukwe akanusa, wala hakupaza sauti. Aliniletea kikombe kimejaa, kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Kunywa, mukwe. Ni kazi ya mukono yako."

Nikanywa. Ilikuwa kama kulamba visahani vya majivu vya baa zote za Bunia. Mke wangu, mtoto kifuani, akauliza kama na yeye anywe.

"Apana, weye unanyonyesha," mama yake akamjibu. Kisha akanigeukia. "Ile moshi yako iliingia mu kibuyu siku moja tu, na ona. Mutoto kifua yake ni kadogo kuliko hii kibuyu."

Sigara tatu zikawa zimeharibu vibuyu vilivyofukizwa miaka mingi.

Basi, shauri langu kwa anayetaka kuacha: usijifiche. Nilirudi Ngezi nikaisimulia avenue yetu nzima aibu yangu, na tangu siku hiyo nikigusa mfuko tu, mtu ananiuliza kama natengeneza maziwa. Kicheko cha majirani kinashinda makasu. Wiki ya kwanza niligombana na kiti, na redio, na mbuzi wa watu. Hamu ikija, natembea mpaka soko kubwa na kurudi. Niliteleza mara mbili, nikakiri mara mbili, wakacheka mara mia.

Baada ya miezi miwili mama mukwe akaja kwangu na mke wangu na mtoto, kwa pikipiki mbili. Aliwaacha wenzake nje, akaingia peke yake. Alinusa pazia, mto wa kitanda, koti langu la kanisani. Halafu yeye, ambaye kwa adabu ya kwao hata mkono hanipi, akasogea akanusa shati nililovaa, begani, kifuani, taratibu. Nilisimama kama mtuhumiwa.

Akaenda mlangoni.

"Leta mutoto."